Bara Hindi Lipewe Rafu Iringa na Mbeya

Mchele unaoshushwa kwa magunia sokoni Mwanjelwa, jijini Mbeya, sehemu yake kubwa hutoka bonde la Usangu, wilayani Mbarali. Mnunuzi huunusa, huuliza kama ni mpya au wa msimu uliopita, hulipa, huondoka. Wachache hujua kwamba miongoni mwa watu waliopanua kilimo cha mpunga wa mifereji bondeni humo, enzi za Mwingereza, walikuwamo Wabulushi. Asili yao ni Baluchistani, nchi kame ambayo leo iko chini ya Pakistani, Irani na Afghanistani. Babu zao waliingia pwani yetu wakiwa askari wa masultani wa Omani, ambao walimiliki bandari ya Gwadar katika pwani ya Baluchistani hadi walipoiuza kwa Pakistani mwaka 1958. Baadhi ya askari hao na jamaa zao waligeuka wafanyabiashara, wakaingia bara, wakafika Usangu, wakaoa, wakachimba mifereji. Vizazi vyao viko Rujewa mpaka leo.

Sasa mchukue mwanafunzi wa kidato cha nne wa Rujewa anayetaka kujua watu hawa walitoka nchi gani, waliamini nini na walitawaliwa na nani kabla ya kuvuka bahari. Kuhusu wote waliotoka upande huo wa bahari, kitabu chake cha kiada kitamwambia tu kwamba Wahindi walikuja kufanya biashara, wakakopesha misafara ya pembe za ndovu, wakati wa ukoloni wakafungua maduka. Basi. Bara zima lenye maandishi ya zaidi ya miaka 2,000, lenye dini, falsafa, sarufi, tamthilia na ushairi, linamfikia kijana wetu likiwa limesimama nyuma ya kaunta na kupima sukari.

Ninaandika makala hii kudai jambo moja. Vyuo vikuu vya Nyanda za Juu Kusini, yaani Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa, Chuo Kikuu cha Ruaha na Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji kule Mbeya, viwe na rafu ya kudumu ya vitabu vya kitaalamu kuhusu historia, dini na fasihi ya kale ya Bara Hindi, na viwe na mtu wa kuvisoma na kuvifundisha. Sidai hivyo kwa heshima ya wageni. Sehemu ya historia yetu imo ndani ya vitabu hivyo, na wasomi wa huko wamekwisha kupambana na maswali ambayo sisi bado tunayazunguka.

Tuanze na tulichonacho mlangoni. Katikati ya mji wa Iringa lipo jamatkhana la Waismailia, jengo ambalo kila mkazi wa mji analijua kwa nje. Tangu zamani, katika majumba ya sala ya aina hii Afrika Mashariki yote, waumini wameimba ginani, nyimbo za ibada zinazohusishwa na mapiri waliohubiri Sindh na Gujarat karne nyingi zilizopita, akina Pir Shams na Pir Sadruddin. Ziliandikwa kwa hati ya Kikhoja, zikanakiliwa kwa mkono kizazi hadi kizazi. Baadhi ya ginani za kale zilimweleza Imamu Ali kwa lugha ambayo Mhindu wa wakati ule angeielewa, lugha ya Vishnu na miili anayoshuka nayo duniani. Tafakari uzito wa jambo hilo: wahubiri wa Kiislamu waliofika kwenye nchi ya dini nyingine wakachukua picha na mashairi ya wenyeji, wakayatumia kusema habari mpya. Mmoravian wa Rungwe anayeimba tenzi kwa Kinyakyusa, kwa sauti ambazo bibi yake angezitambua, ana sababu zote za kutaka kujua Pir Sadruddin alifanyaje.

Na wataalamu wakubwa wa ginani ni watu wa kwetu. Azim Nanji, aliyetoa kitabu chake kuhusu mapokeo ya Waismailia wa Bara Hindi mwaka 1978, alizaliwa Nairobi na kusoma Makerere. Ali Asani, ambaye kitabu chake cha mwaka 2002 kinachambua fasihi hiyo ya ibada, naye alizaliwa Nairobi, akaenda kufundisha Harvard. Elimu hii ilizaliwa nyumbani, ikakulia ughaibuni, na haijarudi. Mwanafunzi wa dini linganishi pale Iringa anaweza kumaliza shahada akipita mbele ya jamatkhana kila siku, asisikie hata jina la ginani.

Ukitaka mfano unaogusa watu wengi zaidi, itazame historia ya tafsiri za Kurani kwa Kiswahili. Padri Godfrey Dale wa misheni ya UMCA alitoa yake mwaka 1923. Mwaka 1953 ikatoka ya Sheikh Mubarak Ahmad, mmisionari wa Jumuiya ya Ahmadiyya, jumuiya iliyoanzishwa na Mirza Ghulam Ahmad huko Qadian, Punjab, mwaka 1889. Aliyemsaidia katika Kiswahili ni Kaluta Amri Abedi wa Ujiji, mshairi yule yule aliyetuandikia sheria za kutunga mashairi, baadaye akawa meya wa Dar es Salaam na waziri wa sheria. Sheikh Abdulla Saleh Farsy wa Zanzibar aliipinga vikali tafsiri hiyo, na mwaka 1969 yake kamili ikachapishwa Nairobi. Hoja zilizowafanya mashekhe wa pwani washike kalamu zilikuwa zimeanza Punjab miaka ya 1880, katika mabishano makali kati ya Waislamu, wamisionari wa Kikristo na Wahindu wa Arya Samaj. Asiyeijua Punjab ya wakati ule ataisoma Kurani ya Kiswahili bila kuelewa kwa nini maelezo ya chini ya ukurasa yana ukali ule.

Kisha kuna hadithi ya kima na papa. Hii naomba nikae nayo kidogo, kwa kuwa inasimuliwa hata milimani Rungwe na Makete ambako hakuna mtu aliyewahi kumwona papa. Kima anaishi juu ya mti ufukweni, anamrushia papa matunda, wanakuwa marafiki. Papa anamwalika kwao, anampakia mgongoni, na katikati ya maji anamwambia ukweli: sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba sisi kima tukitoka huacha mioyo yetu mtini, turudi tukauchukue. Wanarudi, kima anapanda juu, hashuki tena. Papa anapombembeleza, kima anamsimulia habari ya punda wa dobi aliyelaghaiwa mara mbili kwenda kwa simba, na baada ya kuuawa ikaonekana hana moyo wala masikio, maana sungura alikwisha kuvila. Angekuwa na moyo na masikio, sungura akasema, asingerudi mara ya pili.

Askofu Edward Steere aliichapa hadithi hii katika mkusanyo wake wa ngano za Zanzibar mwaka 1870. Lakini ukifungua Panchatantra, kitabu cha Kisanskriti cha mafunzo ya utawala kwa njia ya hadithi za wanyama, utaikuta katika sehemu yake ya nne, na ndani ya hadithi ya kima utamkuta punda wa dobi vile vile, tena akiwa hana moyo wala masikio. Kule mnyama wa majini ni mamba, na anayemlaghai punda ni mbweha. Wabudha nao wanayo ya kima na mamba katika Jataka, visa vya maisha ya awali ya Budha. Karne ya 6 tabibu Burzoy aliipeleka Panchatantra Uajemi wakati wa mfalme Khosrow Anushirwan. Karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akaifanya kuwa Kalila na Dimna kwa Kiarabu, na humo mamba akageuka kasa. Ilipofika kwetu kasa alikuwa papa, na mbweha amempisha sungura, bingwa wetu wa ujanja tangu hapo.

Hivyo msimuliaji wa Kiswahili aliipokea hadithi yenye zaidi ya miaka elfu moja, akajua cha kubadili na cha kuacha. Punda wa dobi alimwacha kama alivyo, ndani kabisa ya hadithi, mahali pale pale alipowekwa na mwandishi wa Kisanskriti. Kazi ya namna hii inastahili tasnifu tatu au nne pale Mkwawa, mahali panapofundisha walimu wa Kiswahili na historia wa nchi nzima. Ili mwanafunzi aiandike anahitaji Panchatantra mkononi, anahitaji Jataka, anahitaji Kalila na Dimna, na anahitaji wataalamu waliofuatilia njia ya kila hadithi. Akikosa vitabu hivyo ataandika, kama wengi walivyokwisha kuandika, kwamba ni ngano ya asili ya Waswahili inayofundisha watoto wasiwe wajinga.

Sababu yangu ya pili inahusu namna ya kusoma. Iringa ni mji wa Mkwawa, mtwa, yaani mtawala, wa Wahehe. Mengi tunayoyajua kuhusu vita vyake na Wajerumani, tangu ushindi wa Lugalo wa Agosti 1891 hadi kifo chake Julai 1898, yamepita kwenye kalamu za maadui zake. Tom von Prince, aliyeitwa Bwana Sakarani, aliandika. Mkewe Magdalene, aliyeishi naye Iringa, alichapisha kumbukumbu zake mwanzoni mwa karne ya 20, na ni kitabu chenye habari nyingi kuhusu maisha ya bomani na watu wa Uhehe. (Sakarani mwenyewe aliuawa Tanga Novemba 1914, akipigana na jeshi lililoletwa kutoka India, hata kifo chake kinahitaji rafu ninayoidai.) Alison Redmayne alikusanya masimulizi ya wazee wa Kihehe miaka ya 1960 na kuyalinganisha na nyaraka hizo, na kazi yake bado ni msingi. Lakini swali linabaki kwa kila mwanafunzi anayeketi na shajara ya Mjerumani: nitamsikiaje Mhehe ndani ya maneno ya mtu aliyekuja kumvunja?

Mwanahistoria aliyelifanyia swali hilo kazi kubwa ni Ranajit Guha, Mbengali aliyefariki mwaka 2023. Katika kitabu chake cha 1983 kuhusu maasi ya wakulima wa India alichukua barua za maofisa wa Kiingereza, ripoti za polisi na hukumu za mahakama, akaonyesha kwamba woga na matusi ya ofisa yana habari ndani yake. Ofisa anapoandika kwamba wanakijiji walieneza uvumi, ametuambia walikuwa na mawasiliano. Anapowaita genge, ametuambia walijipanga. Guha na wenzake, katika mfululizo wa vitabu ulioanza 1982, waliwafundisha wanahistoria wa nchi nyingi kuisoma nyaraka ya mtawala kwa kuigeuza. Mpe mwanafunzi wa Mkwawa kitabu hicho kwa wiki mbili kisha mrudishie shajara ya Magdalene von Prince. Atakiona alichokuwa hakioni: nani alikataa kuleta chakula bomani, nani alinyamaza alipoulizwa mtwa amelala wapi, nani alitoa njia ya uongo.

Upande wa fasihi kuna kazi ya mji wa Pune, India. Mwaka 1919 Taasisi ya Bhandarkar ilianza kutayarisha toleo sahihi la Mahabharata, utenzi mrefu kuliko karibu tenzi zote zinazojulikana duniani. V. S. Sukthankar, aliyeiongoza kazi hiyo kuanzia 1925 hadi kifo chake mwaka 1943, aliyajua matatizo yake: kila jimbo lilikuwa na miswada yake, kwa hati yake, Kashmir hivi, Bengal vile, Malabar vingine, na kila mnakili aliongeza beti alizozipenda. Walilinganisha miswada 1,259. Walimaliza 1966. Kila ukurasa una matini ya kale zaidi waliyoweza kuifikia, na chini yake tofauti za miswada waliyoilinganisha, ili msomaji anayepinga uamuzi wa mhariri awe na cha kumpinga nacho.

Sisi tuna tenzi zilizonakiliwa kwa hati ya Kiarabu kutoka Lamu hadi Kilwa, na nyingi tunazisoma katika matoleo ambayo mhariri alichagua neno alilolipenda na hakutuambia kuna jingine. Tuna nyimbo za maombolezo na majigambo za Uhehe, Ubena na Usafwa zenye matoleo tofauti kila kijiji. Kwa anayetaka kuzihariri, utangulizi wa Sukthankar ni shule kamili.

Najua nitaulizwa kwa nini tununue vitabu vya Bara Hindi ilhali historia ya Wasafwa wenyewe haina kitabu cha kutosha. Ni swali la haki. Ila mtu hawezi kuandika historia nzuri ya Wasafwa akiwa amesoma historia ya Wasafwa peke yake. Vitabu vya Ulaya tunavyo na tunavisoma bila kuulizana swali hilo. Mwalimu Nyerere alimtafsiri Shakespeare mara mbili, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, na hakuna aliyemwambia angoje kwanza historia ya Wazanaki, watu wake, iishe kuandikwa.

Kuna pingamizi zito zaidi, na hili husemwa kwa sauti ya chini. Mbeya ina mtaa unaoitwa Uhindini na mwingine unaoitwa Uzunguni, na majina hayo ni ramani ya ukoloni. Mji ulianza kukua mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa msukumo wa dhahabu ya Lupa, na ulipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika pembeni. Wengi wa wazee wetu walimjua Mhindi kwa mkopo, kwa mizani, kwa maneno makali ya dukani. Aprili 1971 Serikali ilipotunga sheria ya kutwaa majengo yaliyopangishwa yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, watu wengi walishangilia, na familia nyingi za Kihindi zilifunga mizigo kwenda Uingereza na Kanada. Uchungu huo upo pande zote mbili na sitaki kuupaka sukari. James Brennan, katika kitabu chake cha 2012, ameonyesha jinsi wazo lenyewe la taifa lilivyojengwa Dar es Salaam kwa kubishana kuhusu Mhindi ni nani kwetu. Mabishano ya namna hiyo yakiendelea kwa watu wasiosoma, hubaki matusi. Wakisoma, wataweza kuuliza kwa nini Mkhoja, Mbohora, Mhindu wa Kigujarati na Singasinga, ambao sisi tuliwaita Wahindi wote, mara nyingi hawakuoana wala kula pamoja, na Mwingereza alinufaikaje kwa kuwaweka fungu moja.

Zaidi ya hapo, walioondoka waliacha maandishi. Maduka mengi ya Kihindi, Iringa kama Mbeya, yaliweka hesabu kwa Kigujarati katika madaftari marefu: nani alikopa, alileta nini, ngozi ngapi, nta kiasi gani, mahindi ya bei gani. Wakopaji walikuwa Wahehe, Wabena, Wakinga, Wasangu. Hiyo ni historia ya uchumi wa wakulima wetu iliyoandikwa siku kwa siku, na msomaji wake hana budi kujua Kigujarati na desturi ya vitabu vya hesabu vya Gujarat. Madaftari ya aina hiyo huliwa na mchwa nyumba inapouzwa, au hufungiwa karanga.

Kuhusu gharama, tatizo lipo lakini lina mlango. Kitabu cha jalada gumu kutoka kwa wachapishaji wa vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani mara nyingi huvuka dola 100, na maktaba zetu haziwezi. Lakini India ina wachapishaji wake. Motilal Banarsidass, nyumba iliyoanzia Lahore mwaka 1903 na ambayo leo makao yake ni Delhi, huchapa na kuchapa upya vitabu vya dini, falsafa na fasihi ya Kisanskriti kwa bei iliyopangwa kwa mfuko wa msomaji wa India. Maktaba ya Murty, mfululizo wa vitabu ulioanza kutolewa mwaka 2015 kupitia chapa ya Harvard, huweka matini ya asili ukurasa mmoja na tafsiri ukurasa wa pili, na ina toleo la bei nafuu kwa ajili ya India. Mtaji wake ulikuwa zawadi ya dola milioni 5.2 ya kijana mmoja, Rohan Murty, ambaye baba yake ni mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Infosys. Matajiri wa Tanzania wenye asili ya Gujarat na Kutch wamejenga hospitali na shule, na tunawashukuru. Rafu nne za vitabu, moja kwa kila chuo nilichokitaja, ni sadaka ndogo sana kwao.

Rafu bila msomaji ni vumbi, kwa hiyo nataja na watu. Kila mwaka Serikali ya India hutoa ufadhili wa masomo kwa Watanzania, na vijana wetu huuomba kwa ajili ya uhandisi, kompyuta na biashara. Mkwawa na Teofilo Kisanji wachague kila mmoja mhadhiri msaidizi mmoja, wa Kiswahili au historia, waombe nafasi mbili za namna tofauti: mmoja aende Pune akasome Kisanskriti na uhariri wa miswada, mwingine aende Gujarat akasome lugha na hati za wafanyabiashara. Miaka minne au mitano inatosha. Wakati wanasoma, Makumbusho ya Boma pale Iringa, ambayo tangu yafunguliwe 2016 yamekuwa yakikusanya vitu vya mkoa, yatangaze kwa Kiswahili na kwa Kigujarati kwamba yanapokea madaftari ya zamani ya maduka, hata yaliyochakaa, hata yenye kurasa pungufu, kutoka Iringa, Mafinga, Njombe, Tukuyu na Chunya, na familia zilizoko Toronto na Leicester ziandikiwe moja kwa moja. Wa Pune akirudi, kazi yake ya kwanza iwe kuitafsiri sehemu ya nne ya Panchatantra kutoka Kisanskriti hadi Kiswahili, bila kupitia Kiingereza, na kuichapa ubavuni mwa hadithi aliyoiandika Steere. Wa Gujarat akirudi atayakuta madaftari mezani.